Pacha Aliyeninyang'anya Neno

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya boti za chuma hapa Gisenyi sikuruhusiwa kushika mashine ya kulehemu. Mkuu wa karakana, mtu wa Goma, alinipa nyundo ndogo.

"We, gonga mushono, sikiliza. Ka inalia muzuri, bon, iko sawa. Ka inakohoa, ita mimi."

Mshono ni pale mabamba mawili yalipounganishwa kwa moto. Niligonga kutoka ukibarua hadi nikawa mkaguzi mkuu, na hakuna boti iliyoingia ziwani kabla sijasema, "Ishuke." Neno hilo nililipenda kuliko mshahara.

Kisha Mkurugenzi mpya akamleta Injinia Solange na pacha wake wa kidijitali. Msidhani ni picha tu. Ni boti ile ile tutakayoijenga, ndani ya kompyuta, bamba kwa bamba. Kabla hatujakata chuma, Solange alimbebesha pacha mizigo, akampigisha mawimbi, akaona ubavu upi utapinda, akarekebisha mchoro. Boti ya kweli ikijengwa, vipimo vilivyobandikwa mwilini mwake vilimpasha pacha habari zote.

Huku kwetu pacha anayetangulia kuzaliwa ni Gakuru, anayefuata ni Gato. Basi mafundi wakaiita boti ya chuma Gato! Niliona wivu kama mke mkubwa aliyeletewa mwenzake.

"Gakuru ni hii ya chuma!" nilifoka.

"Muzee, ile ya kompyuta njo ilizaliwa mbele," fundi mmoja akajibu, wenzake wakacheka.

Ikafika siku ya kuikagua. Niligonga mshono wa chini, ukalia vizuri. "Ishuke," nikasema. Hakuna aliyesogea. Wote walimtazama Solange, naye alikuwa anatazama kompyuta. Siku iliyotangulia, tulipoijaza maji ya kuipima uimara, sehemu moja ya mshono huo ilivutika zaidi kuliko pacha alivyotarajia.

"Muzee, pacha anaona kitu hapa ku kona. Donc, tukate kidogo?"

Niliomba Mungu wakute chuma kizima. Wakakata, na ufa ulikuwemo, mwembamba, ndani kabisa. Boti hiyo ingebeba akina mama wa sokoni na watoto wao mgongoni, najua. Nilimpa Solange mkono kwa hasira tupu.

Kwenye sherehe ya kuniaga nilipostaafu walinizawadia nyundo yangu, wameipaka rangi ya dhahabu na kuipigilia kwenye ubao. Iko ukutani nyumbani kwangu, mtaa wa Mbugangari, haigongi kitu. Wangenitengenezea na mimi pacha, angekuwa kazini mpaka leo, nami ningemwonea wivu huyo pia.

Solange ana heshima, lazima niseme. Kila boti mpya ikikamilika ananipigia simu.

"Muzee, sema basi ile neno."

"Pacha ameshakubali?"

"Ameshakubali."

"Ishuke," nasema, na nyuma ya sauti yake nasikia vigelegele na maji yakipiga ubavuni. Imeshashuka kabla sijasema.