Mguu Usikazwe Kamba

Siku yangu ya kwanza kazini niliziba kamera kwa kidole. Daktari mfawidhi, yaani mkuu wa kituo chetu cha afya hapa Nkwenda, aliongea mpaka mwisho ndipo tukagundua. Nilitamani kurudi nyumbani. Akasema tu, "Binti, toa kidole, tuanze upya."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Wadogo zangu mnaonisikiliza, kazi yenyewe ilikuwa kumrekodi daktari, kukata video ziwe fupi na kuzirusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, nyoka wanauma watu, na kuna bwana mmoja sauti yake ilizagaa kwenye simu: kaza kamba juu ya jeraha, chanja kwa wembe. Watu walifika kituoni miguu imeshaharibika.

Daktari akamjibu akiwa mezani, koti jeupe, Kiswahili cha taarifa ya habari. Mtu akaandika chini: "Huyu anamhutubia nani?"

Muuguzi kiongozi alicheka, akamwambia daktari, "Wewe Mhaya wa Muleba, wachumaji wa huku wanaongea Kinyambo. Huyu mtoto ana mdomo, au umechukua mikono tu?"

Mimi, ambaye darasani nilikuwa najibu nikiliangalia dawati. Nikasema sitaki kuonekana.

Daktari akasema, "Usionekane. Mimi nitalala chini, wewe ongea."

Tukaenda kibanjani kwetu, kwenye shamba la kahawa. Daktari akajilaza chini ya mibuni kama aliyeumwa. Nyuma ya simu nikaeleza kwa Kinyambo: usichanje, usikaze kamba, tegemeza mguu kwa vijiti, viringisha kitenge bila kubana, wahi kituoni. Bibi yangu akapita, akauliza, "Daktari amelewa saa hizi?" Tukamwacha humo humo kwenye video.

Kwa sababu ya bibi video ikafika mpaka Ihanda, wilaya jirani. Daktari mmoja wa Kihanga akaomba afundishwe kurekodi.

Kisha bodaboda ikaleta mama aliyeumwa na nyoka, kijana wake amemshikilia kwa nyuma, mguu kwenye vijiti, kitenge kimelegea. Hakuna kamba wala wembe. Nikamwambia, "Shikamoo, mama."

Kijana akageuka. "Mama, ni huyu. Sauti ni hii hii."

Yule mama alirudi kwake akitembea kwa miguu yote miwili.

Matokeo yametoka, nakwenda kidato cha tano, kwa hiyo nimestaafu. Uso wangu haumo kwenye video hata moja. Lakini nikisalimia sokoni watu wanageuka, na siku hizi siinamishi uso.