Riba ya Mkulima

Taarifa ya habari ikifika pale mtangazaji anaposema benki kuu imetangaza kiwango cha riba, mimi nazima redio. Mume wangu huwa ananishangaa. "Si wewe mwalimu wa biashara? Si ndiyo mambo yako hayo?" Ndiyo mambo yangu, nani kakataa? Nimeyafundisha kidato cha tatu mpaka nayaota. Kazi za benki kuu: kutoa noti na sarafu, kuwa benki ya serikali, kusimamia mabenki. Watoto wanakariri, wanafaulu, maisha yanaendelea. Lakini kuyasikia tena jioni, sebuleni kwangu, nikiwa nimevua viatu? Hapana. Yamenifika hapa.

Zamani sikuwa hivi. Siku ilipotangazwa kwamba wakulima sasa watakopeshwa kwa riba ya tarakimu moja, yaani isiyofika asilimia kumi, nilifurahi kama mjinga. Niliingia darasani nikaieleza habari ile kama vile mimi ndiye niliyeipitisha. Niliwaambia wanafunzi hivi: kila benki inatakiwa kuweka sehemu ya amana za wateja wake benki kuu, na fedha hiyo inakaa tu kule, benki haipati nayo faida. Sasa benki kuu imesema, atakayemkopesha mkulima kwa riba nafuu atapunguziwa mzigo huo. Benki inapata, mkulima anapata, nchi inakula. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, na benki ikidanganya?" Nikamwambia asiwe na fikra mbaya, kuna wakaguzi.

Wakati huo dada yangu alikuwa amekwama huko juu milimani. Tuko wawili tu kwa mama yetu, na mama alishatutoka. Mimi nilishuka mjini kusoma, yeye akabaki na shamba. Ada yangu ilitoka kichwani kwake, kwenye matenga ya karoti na kabichi aliyokuwa akishuka nayo mpaka barabarani kabla jua halijawaka. Kwa hiyo dada akipiga simu, mimi sina cha kusema "nitaangalia". Masika ile mlima ulikuwa umeporomoka ukasomba mipira yote ya maji, kuanzia kwenye chanzo mpaka shambani. Bila mipira, kiangazi hakuna mboga. Na bila mboga alikuwa ameshaamua: atashuka Dakawa kufanya kibarua cha kupalilia mpunga wa watu. Mgongo wake ule! Mtu akiinama dakika chache tu anainuka ameshika kiuno. Nikamwambia, dada, usiende kokote, njoo mjini twende benki, serikali imeshamaliza kazi.

Akaja amevaa gauni la sikukuu na ushungi mpya. Benki tukakaribishwa vizuri tu, viyoyozi vinapuliza, ukutani kuna bango la mkulima anacheka. Afisa mikopo alikuwa kijana mpole, ana lugha nzuri. Akamgeukia dada.

"Shikamoo mama. Dhamana yako ni nini?"

"Marahaba. Shamba."

"Lina hati?"

"Lina kabichi," dada akajibu, tena kwa fahari, maana alidhani anaulizwa shamba lina nini.

Kijana hakucheka, nampa hiyo sifa. Akaeleza kwamba benki inataka hati miliki yenye jina la mkopaji. Hapo nikaona shughuli ipo. Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, ni ya ukoo, na msimamizi wake ni mjomba. Dada analima, watoto wake watalima, lakini hakuna atakayesimama aseme kipande hiki ni changu peke yangu. Nikamuuliza afisa, hati ya kimila inayotolewa na kijiji je? Akasema, "Hiyo tunaitambua, mwalimu, ila hatuipokei." Nikamwomba arudie, nilidhani masikio yangu yana matatizo. Akarudia vilevile.

Basi Jumamosi nikapanda mlimani kumwomba mjomba aridhie shamba lipimwe, liandikwe jina la dada. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mwenye adabu, hakukati kauli. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, mama yako amelala wapi?" Nikamwambia pale juu ya shamba. "Na bibi yako?" Palepale. "Sasa dada yako akishindwa kulipa, hao wa benki watawahamishia wapi?" Nikaanza kumweleza habari ya tathmini na mnada, nikajiona nazungumza upuuzi. Sikumkasirikia mjomba. Niliwakasirikia waliokaa kwenye ukumbi mzuri wakatunga nafuu ya wakulima bila kujiuliza wakulima wanaishije na ardhi yao. Au walijiuliza, wakaona bora iwe hivyohivyo.

Jumatatu nikarudi benki kumwambia yule kijana kwamba imeshindikana. Nilikuwa nimeshanyanyuka kwenye kiti aliponiuliza, "Kwani mwalimu, mshahara wako unapitia wapi?"

"Si hapahapa kwenu."

Akatabasamu kama mtu aliyeona jibu la fumbo. "Sasa mnahangaika nini?"

Jamani, kumbe mkopo ulikuwapo siku zote! Nililetewa chai, na kabla haijapoa kompyuta ilikuwa imeshakubali. Mimi, ambaye mara ya mwisho kushika jembe nilikuwa sijaota meno ya utu uzima, ndiye niliyefaa. Dada yangu, anayelisha nusu ya soko, hakufaa. Nami naijua sababu, naifundisha: mshahara wangu unapita mikononi mwa benki kabla haujafika kwangu, wanakata kwanza ndipo wananisalimia. Mimi siwezi kuwakimbia. Benki kuu inaweza kutangaza mpaka ikaukiwe mate, lakini benki itakopesha kule ambako haipati jasho.

Ila nilikwama kwenye riba. Aliyoniwekea ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya redioni.

"Hii si riba ya mkulima," nikamwambia.

"Wewe si mkulima, mwalimu. Wewe ni mtumishi. Hii ni riba ya watumishi."

Sawa. Nikatazama chini zaidi, penye madhumuni ya mkopo. Pameandikwa: kilimo cha mbogamboga.

"Hapa umeandika kilimo."

"Si umesema ni mipira ya umwagiliaji?"

"Kama ni kilimo, nipe riba ya kilimo."

"Mfumo hauruhusu. Wewe ni mtumishi."

"Basi andika mtumishi."

"Pale panataka madhumuni, mwalimu. Na madhumuni ni kilimo."

Tulizunguka hivyo mpaka watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kugeuza shingo. Nilielewa vizuri kabisa kinachofanyika. Kwenye malipo mimi ni mwalimu. Kwenye taarifa itakayokwenda juu, benki kuu, ili wapunguziwe ule mzigo, mimi ni kabichi. Nilitaka kuinuka nimwage ile chai. Lakini kiangazi kilikuwa kinabisha hodi, na dada alikuwa ameshaulizia nauli ya Dakawa. Nikasaini.

Jioni nikampigia dada nikamweleza yote, riba na kila kitu, nikamtajia makato ya kila mwezi. Akasema, "Deni ni langu, wewe umebeba jina tu. Kila mwisho wa mwezi nitakutumia kama wanavyokukata." Na kweli alituma. Mwezi haukupita, senti haikupungua. Mipira ikafungwa, maji yakaja, na kiangazi chote shamba lake lilikuwa kijani peke yake kwenye ule upande. Dada alinenepa. Nilianza hata kuisamehe benki, Mungu anisamehe mimi.

Siku moja akanipigia huku anacheka. Wageni wamekuja, watu wa benki, wana kamera. Wamemvisha fulana yao, wamempa na kofia, wamemshikisha kabichi kubwa kuliko zote wakampiga picha. "Nilikwambia watu wale wazuri," akasema. Nikaona makubwa. Nimwambie nini mtu mwenye furaha?

Mwisho wa mwaka benki iligawa kalenda mashuleni, kama kawaida yao. Nikaingia ofisi ya walimu nikamkuta dada yangu ukutani, anacheka, meno yote nje, fulana juu ya gauni. Chini yake wameandika kwa herufi nene: mkulima wa Uluguru, mnufaika wa mkopo wetu wa kilimo wa riba ya tarakimu moja. Mwenzangu mmoja akasema, "Huyu mama mbona mmefanana?" Nilikuwa nasoma yale maandishi mara ya pili na ya tatu. Tarakimu moja! Niliondoka na hasira mpaka benki. Yule kijana alikuwa amehamishwa. Aliyekuwapo akaniambia kalenda zinatoka makao makuu, na kwamba nitumbukize maoni yangu kwenye sanduku pale mlangoni.

Nikajiambia nitakwenda kumweleza dada taratibu wiki ijayo. Kalenda ikanitangulia. Mfanyabiashara anayepandisha gari la mboga alikuwa amempelekea nakala, na jirani yake anayeuza mbegu akamsomea.

Nilipofika alikuwa ameitandaza juu ya kitanda. Akaniuliza kwa upole, "Riba ya tarakimu moja maana yake nini?"

Nikamweleza.

"Na wewe ulinitajia ipi?"

Nikamtajia tena. Nikaanza kueleza habari ya mtumishi na mkulima, ya mfumo, ya amana za benki kuu, ya taarifa inayokwenda juu. Nafundisha mambo haya kwa kulipwa, lakini mbele yake yalikuwa yanatoka kama maneno ya tapeli. Nikatoa salari slipu kwenye mkoba. "Haya makato, tazama, ni hayahaya unayonitumia." Akaitazama ile karatasi ndogo, kisha akaitazama kalenda, kubwa, ya rangi, yenye sura yake.

"Sikwambii umeniibia," akasema. "Lakini benki nzima, mdogo wangu, itapiga picha ya uongo, itaandika uongo, itundike nchi nzima? Ya nini? Inanijua mimi?"

Ningemjibu nini? Kwamba ndiyo, imefanya hivyo hasa, na kwa sababu haimjui? Niliapa kwa jina la mama. Akasema, "Usiape, yaishe." Na aliposema yaishe nikajua hayajaisha.

Mwezi uliofuata alituma pungufu. Yule jirani wa mbegu alikuwa amempigia hesabu kwa riba ya kwenye kalenda, na kweli hesabu yake haikuwa na kosa. Benki inanikata kama zamani, tofauti naijazia mwenyewe, na mume wangu sijamwambia. Hiyo si kitu, mshahara umeshazoea kuonewa.

Idd hii nilipanda kwake na watoto. Alitupokea vizuri, tena vizuri sana. Nilipotaka kupita jikoni kumsaidia, kama tulivyozoea tangu tukiwa wadogo, akanishika mkono akanirudisha barazani, akanitolea kiti, akanitandikia kitambaa mezani, akasema, "Kaa tu, mwalimu, wewe mgeni wetu."