Uchaguzi wa Kisiwa cha Dada Yangu

Mama alisikia neno uchaguzi akaacha kuchambua mboga. Dada yangu alikuwa kwenye simu ya video, kutoka kile kisiwa kidogo cha Pasifiki anakofanya kazi ya uuguzi. Alikuwa akieleza mipango yao ya kuja nyumbani Agosti mwaka ujao na binti yake wa pili, ambaye kwa desturi yetu ana jina la Mama. Mama hajawahi kumbeba wajina wake huyo, na hakuna jambo analolingojea zaidi. Uchaguzi ulitajwa kwa kupita tu: kesho kliniki itafungwa, watu wanachagua bunge.

"Umenunua unga?" Mama akauliza.

"Unga wa nini, Mami?"

"Wa kukaa ndani. Na mafuta. Jaza maji pia."

Nilicheka, akanikata jicho. Mimi ni mwalimu, na ualimu umenipa tabia mbaya ya kueleza hata nisipoulizwa. Nikamwambia kisiwa chenyewe ni kidogo, wabunge wake wote wangeenea kwenye benchi chache za kanisa letu hapa Kibugu, na tena hawana hata vyama. Hapo ndipo nilipoharibu.

"Hawana vyama? Sasa watu watajuaje adui ni nani?"

Hakuwa anatania. Tulipokuwa wadogo alikuwa na kibanda cha mitumba katika mji mmoja wa Bonde la Ufa. Mwaka ule wa vita vya uchaguzi, jirani aliyezoea kutuomba chumvi ndiye aliyewaonyesha vijana mlango wetu, wakatuchomea nyumba. Tulirudi huku kwetu Embu juu ya lori, na godoro moja, Mama akaanza upya kwa kuchuma majani chai ya watu. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kila uchaguzi unapokaribia hunituma mjini Runyenjes kununua unga, na siku hizi nanunua bila kutumwa.

"Huku hakuna shida, Mami," dada akasema.

"Hata sisi hatukuwa na shida."

Kesho yake Mama hakwenda kuchuma majani. Alikwenda kwenye maombi ya akina mama, akaomba kisiwa kile kiombewe, akilitamka jina lake kwa namna iliyomfanya mchungaji adhani ni ugonjwa. Kiliombewa kipone.

Matokeo yalipotoka, dada alituma video. Ukumbi ulikuwa umejaa watu, wamekaa kwenye mikeka. Mzee mmoja aliyevikwa shada la maua kichwani alikuwa akicheza, na wenzake wanampigia makofi. Mama alivaa miwani.

"Huyu wa maua ndiye ameshinda," akasema.

Nilimpigia dada simu ya video ili tumuulize.

"Hapana, huyo ameangushwa," dada akajibu. "Aliyemshinda ni yule anapiga makofi kando yake. Jumapili watakuwa kanisa moja."

"Na polisi wako wapi?"

"Ni huyo anacheza huko nyuma, Mami."

Mama aliirudia video mara kadhaa. Nilingoja aseme Mungu amejibu maombi, nikajiandaa kumtania kuhusu ule ugonjwa. Hakusema hivyo. Mtoto alipojitokeza kwenye simu, akiwa na maua yake kichwani, Mama alimtazama, kisha akamuuliza dada:

"Tiketi mmelipa?"

"Bado."

"Basi msilipe. Msije Agosti. Agosti ni uchaguzi wetu."

"Tunaweza kusogeza Desemba, Mami."

"Desemba ndio tulichomewa. Msije hiyo mwaka. Hata hiyo nyingine, mngoje niwaambie."

"Lakini hujawahi kumbeba."

"Najua sijambeba. Akae huko kwa watu wanashindwa na wanacheza."

Dada alinitazama kutoka kule mbali, akingoja nimwambie Mama amekosea. Nilimwangalia yule mtoto, sikumwambia. Iliniuma sana, kwa sababu hata angekuwa wangu nisingemleta.