Jumba la Kwenye Kalenda

Mwezi uliopita nilivua viatu mlangoni mwa jumba la kifalme la Mysore, kusini mwa India. Nilipokuwa mtoto, picha yake ilikuwa kwenye kalenda katika saluni ya mama, Galerie d'Ixelles mjini Brussels, palipokuwa na harufu ya nywele zilizochomwa. Pembeni mama alikuwa amechomeka picha ya baba, tuliyemwacha Bukavu tulipokimbia vita.

"Maman, papa iko mule ndani?" niliuliza alasiri moja, nikionyesha lile jumba.

"Iko. Bon, tulia nikusuke."

"Alors, uko mutoto ya mwami!" mteja akacheka, akiniita mtoto wa mfalme.

Niliamini, nikawa naangalia lango la jumba pichani nimwone akitoka.

Baba hakuja Brussels. Kule Mysore kuta zimechorwa maandamano ya kifalme, watu wengi mno. Nilijua hayumo. Hata hivyo nilitazama uso mmoja baada ya mwingine, mpaka mlinzi aliponiambia wanafunga.