Kibuyu cha Mkwe

Mkono wa Eliufoo watu waliujua kwa migongo yao. Enzi hizo za Mwingereza alikuwa tarishi wa baraza la mfumwa, mtawala wa milima ya juu ya Kisiwani, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwachapa walevi. Kesi ya ulevi haikuchukua hata muda wa kumenya ndizi. "Ulilewa sokoni?" "Nililewa, Mfumwa." "Sita. Lala chini." Ukishalala, Eliufoo huyo, mikono ya kaki kaikunja mpaka viwikoni, kiboko kimepakwa mafuta. Simeoni mhunzi alichapwa mpaka akauma nyasi, na alipoomba apunguziwe, Eliufoo akamjibu, "Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma." Akacheka! Mtu mzima mwenye jina la ubatizo, anacheka juu ya mgongo wa mwenzake.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Mkewe Honorata alikuwa amezika watoto wawili, na huyu wa tatu, wa kiume, alipotimiza mwezi akiwa mzima, Eliufoo alilia mbele ya majirani bila haya. Ikabaki kupeleka kibuyu. Desturi ilimtaka mkwe ampelekee baba wa mkewe kibuyu cha dengelua, ile pombe ya miwa. Mzee akiimaliza na kukirudisha kibuyu kitupu, basi ndoa imekaa, hakuna wa kuitikisa.

Kupika pombe kulitaka kibali cha baraza. Eliufoo hakuomba. Nani amkamate, na mkamataji ni yeye? Akapika uani kwake, akaipeleka alfajiri ya siku ya soko. Siku ya soko jamani! Angengoja siku moja tu, lakini alikuwa na haraka ya kusifiwa.

Mzee Manase, baba mkwe, akanywa nusu kibuyu kwa furaha, akateremka sokoni kutangaza mjukuu. Akaangukia vyungu vya wafinyanzi, vikavunjika saba. Wanawake wakamsukuma, naye akainua mkongojo. Chande, tarishi wa pili, alipokuja kumshika, mkongojo ukatua puani, damu ikamwagika mpaka kifuani. Walimburuta mzee hadi barazani, shati limechanika, bado anaimba jina la mjukuu wake.

Eliufoo alikuwa mlangoni. Alipomwona mkwewe, akarudi nyuma hatua moja.

"Sita kwa ulevi," mfumwa alisema. "Na hiyo pombe nani kakupa? Mwezi huu sijatoa kibali hata kimoja."

Kila mtu alijua adhabu ya mpikaji: viboko kumi na viwili, na kama ana kazi ya serikali, anaivua kaki palepale.

Mzee alimtazama Eliufoo mara moja, ulevi wote ukamtoka machoni. "Kilichokunywa ni kinywa changu, Mfumwa. Kiulize chenyewe."

"Achapwe mpaka amtaje. Ila visizidi kumi na viwili, tusije tukaitwa na Mwingereza bomani Same."

"Mfumwa, huyu ni mkwe wangu," Eliufoo alisema. "Chande na achape."

"Chande anavuja damu. Na ukwe uache nyumbani kwako."

Nyuma kulikuwa kumejaa watu, karibu wote wameshaonja kiboko chake. Eliufoo akapiga. Cha kwanza kilikuwa chepesi.

"Hicho ni cha kufukuzia nzi!" Simeoni akapaza sauti. "Msumeno uko wapi leo?"

"Hakihesabiwi," mfumwa akasema. "Anza upya."

Akaanza upya, kwa nguvu, maana aliogopa. Ndiyo, aliogopa! Aliogopa kuvuliwa kaki, aliogopa kulala pale chini mbele ya watu hawa. Kila baada ya viboko vitatu mfumwa aliuliza, "Nani?" na mzee alinyamaza. Cha tano kilipasua shati. Cha saba kilipasua ngozi. Kufika cha tisa damu ilimrukia Eliufoo midomoni, akaionja, na neno lilikuwa hapohapo kwenye ulimi: mimi. Neno moja tu! Akalimeza pamoja na damu ile, akapiga cha kumi, cha kumi na moja, cha kumi na mbili.

Jioni alikuta nyumba haina moto. Honorata hayupo, mtoto hayupo. Kizingitini kilikuwepo kibuyu alichompelekea mzee, akakitikisa. Pombe ilikuwa bado nusu. Pombe ya mkwe ikirudi haijamalizika, ndoa nayo imerudi, hilo halihitaji mtu wa kukufafanulia.

Kulipokucha aliinywa yote, chachu yake ikimkaba koo, akateremka barazani na kibuyu mkononi, anapepesuka na kupiga kelele njia nzima. Akasimama mbele ya mfumwa.

"Dengelua ya Mzee Manase nilipika mimi! Bila kibali! Na mkwe wangu nimemchapa huku najua!"

Mfumwa alimtazama kwa hasira mpaka shavu likacheza. "Ivue hiyo kaki. Kumi na viwili kwa kupika, sita kwa ulevi. Chande!"

Chande, pua imevimba, hakuwa na haraka. Eliufoo alipiga yowe tangu cha kwanza, yowe la ng'ombe anayechinjwa, akakwaruza udongo mpaka kucha mbili zikang'oka. Simeoni alianza kuhesabu kwa sauti. Alipofika nane akaacha, akaangalia pembeni. Vingine hakuna aliyevihesabu ila karani.

Walipomwachia hakuweza kuinuka. Akaona mkongojo umesimama karibu na uso wake, na miguu ya mzee anayetembea kwa shida. Mzee Manase aliinama polepole, akiuma meno kwa maumivu ya mgongo, akakiokota kibuyu, akakitikisa sikioni.

"Imekwisha?"

"Imekwisha, baba."

Mzee akamwekea kibuyu kitupu chini ya mkono.

"Basi kaombe kibali, upike nyingine. Na siku ya soko usiniletee."