Ukuta Ndani ya Boti

Asukile hakuzaliwa mvuvi. Alizaliwa milimani Rungwe, kwenye migomba na mvua isiyojua kuchoka, na kama shamba la baba yake lingetosha kugawana na kaka zake, pengine angezeeka bila kujua kuogelea. Halikutosha. Akashuka na mkewe Atuganile na kijana wao Yotamu hadi bonde la Usangu, kama Wanyakyusa wengi wa miaka ile ya hamsini, akalima mpunga ng'ambo ya mto Ruaha, upande usio na barabara. Ukitaka soko la Chimala, kwanza uvuke mto.

Boti aliipata kwa jasho. Mzungu mmoja wa kupima maji alikuja na boti ndogo ya alumini, na Asukile akampigia makasia misimu miwili. Mzungu alipohamishwa akamwachia ile boti, na neno moja juu yake. Aligonga kibati kilichobandikwa nyuma, akasema, "Watu watatu. Ratili mia tano. Zaidi, hapana."

Na tuseme haki, Asukile alilishika neno hilo. Watatu walikuwa watatu. Siku moja mchungaji alikuja na mkewe na shemeji yake, na shemeji akaachwa ukingoni na Biblia yake mkononi hadi boti iliporudi. Watu walicheka, lakini hakuna aliyewahi kulowa.

Shida ya alumini ni kelele. Ni sufuria ile. Ukidondosha kopo ndani, kambale wa mto mzima wanapata habari kwamba umefika. Kwa hiyo Asukile alimwita Liberatus, fundi seremala, Mhehe wa Mlandege aliyekuwa akipiga vitanda na milango pale Chimala, akamtandikia sakafu ya mbao. Kelele ikatulia, samaki wakaongezeka. Boti ilizama kidogo kuliko zamani, upana wa kidole labda, na Asukile hakuona sababu ya kulalamikia kidole.

Kisha mwanawe Yotamu akaoa. Akamleta nyumbani binti anayeitwa Lusia, mpole, mwenye mikono ya kazi, na mwaka haujaisha Yotamu akamwacha na mimba changa, akaondoka kwenda migodini kutafuta maisha. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Kwa Wanyakyusa wa siku zile, mkamwana na baba mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mkamwana huingia majanini. Hasemi naye, na jina lake halitamki kabisa, hata akiwa peke yake jikoni. Ukristo ulikuwa umelegeza mengi, lakini hilo halikulegea nyumbani kwa Asukile, maana Lusia alilelewa vizuri na Asukile mwenyewe alikuwa mtu wa kushika heshima.

Sasa, kwenye mtumbwi wa kuchonga hakuna taabu. Mwenye upondo husimama nyuma, abiria hukaa mbele na kumpa mgongo, basi. Lakini boti ya Mzungu! Mpiga makasia hukaa ameipa mgongo safari yake na kumtolea macho abiria wa nyuma tangu ukingo huu hadi ule. Mara ya kwanza Lusia kuvushwa alijifunika kanga mzima mzima, kichwa hadi miguu, na Asukile alipiga makasia amefumba macho. Waligonga kisiki.

Asukile akarudi kwa fundi. "Nijengee ukuta," akasema. "Kati ya kiti changu na cha nyuma. Wa kufika kichwani kwa mtu aliyekaa."

Liberatus alimtazama. "Ukuta ndani ya boti, mzee? Na dirisha je, nisikuwekee?"

"Usinichezee. Nina mkamwana."

"Haya. Mbao nilizonazo ni za mkaratusi, bado mbichi. Nzito hizo. Na zile ratili za Mzungu wako?"

"Ratili ni za mzigo," Asukile akasema. "Ukuta si mzigo. Ukuta ni boti yenyewe. Nyumba hailemewi na kuta zake."

Mtu akikujibu hivyo, na wewe ni fundi unayetaka kazi, utasema nini? Liberatus akaujenga. Akaujenga kama anavyojenga kitanda cha bwana harusi, mbao zimebanana kutoka ubavu hadi ubavu, kutoka sakafu hadi juu, misumari imezama hadi kichwani. Hata mwanga haukupita. Boti ikazama kidole kingine, na safari hii nyuma ilizama kuliko mbele. Asukile akaisifu kazi.

Masika ya mwaka wa hamsini na sita mto ulifura vibaya. Atuganile alikuwa amekwenda Rungwe kumzika dada yake, na Lusia mimba yake ilikuwa imefika. Alfajiri mwanamke jirani alikuja kumwambia Asukile kwamba uchungu umeanza na mtoto amekaa vibaya, apelekwe kwa mkunga wa zahanati, Chimala. Asukile akamwomba amsindikize. Yule mama akasema lile sanduku la bati yeye halipandi, heri afie nchi kavu.

Basi wakawa wawili. Asukile akapiga hesabu yake: watu watatu ndio ruhusa, sisi wawili, nafasi moja inabaki. Akapakia gunia la mpunga, la kuuza wapate matumizi huko, akaliweka nyuma ili Lusia aegemee. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Ila sakafu hakuihesabu, wala ukuta, na mbao zenyewe zilikuwa zimekunywa mvua wiki nzima.

Walipofika katikati, boti ikawa nzito. Asukile alidhani ni mkondo, akakaza makasia. Mbele yake zilikuwa mbao tupu, na miguu yake ilikuwa mikavu.

Kumbe nyuma ya mbao hizo maji yalikuwa yakiruka ukingo wa boti, kidogo kidogo, na kwa jinsi ukuta ulivyobanwa vizuri yalikuwa hayana pa kwenda. Lusia aliyaona yakifika vifundoni. Kopo la kutekea lilikuwa upande wa Asukile. Akateka kwa viganja, lakini kila alichotoa kilirudi kimeleta wenzake.

Akagonga ukuta. Asukile akasikia, moyo ukamruka. Mtoto anakuja, akafikiri, Mungu wangu, mtoto anakuja hapa. Akavuta makasia kwa nguvu zake zote, na kadiri alivyovuta ndivyo nyuma ilivyozidi kukaa majini. Lusia akagonga tena. Naye akazidi kuvuta.

Kisha akasikia sauti ambayo hajawahi kuisikia, kwa sababu haikuwahi kusema mbele yake.

"Asukile! Tunazama!"

Jina lake, kavu, bila hata "tata", yaani baba, wala nini. Aliacha makasia. Aliupiga ukuta teke, ukamrudisha. Akachomoa kasia, akalipenyeza juu ya mbao, akabinua, mbao ya kwanza ikalia na kung'oka, kisha ya pili. Maji yakaja miguuni pake kama mtu aliyefunguliwa mlango. Wakatazamana, yeye na mkamwana wake, uso kwa uso. Akamtupia kopo. Yeye akalishika akateka, na Asukile akalikumbatia gunia akalisukuma mtoni, akatupa na mbao zote, moja baada ya moja. Boti ikainuka. Walifika ukingoni, na mtoto alizaliwa siku ile ile kwa mikono ya mkunga, wa kike, mzima.

Mngedhani yameisha. Hayakuisha. Lusia aliporudi nyumbani alijifungia ndani, chakula hagusi, maziwa yakaanza kumkauka. Alimwambia Atuganile, aliyekwisha kurudi msibani, kwamba arudishwe kwa wazazi wake, kwa maana amemwita baba mkwe jina, na mwanamke aliyefanya hivyo hana uso wa kukaa kwenye boma. Mtoto alilia mchana kutwa kwa njaa. Atuganile akambembeleza, akamkemea, akachoka. Akaenda kwa mumewe, akasema, "Mimi nimeshindwa. Ametajwa nani pale mtoni, mimi au wewe?"

 Asukile akainuka, akavuka uwanja mchana kweupe, watu wakimwona, akasimama mlangoni kwa mkamwana wake. Baba mkwe hafiki hapo. Aliogopa, mwenyewe alisema baadaye kwamba aliogopa kuliko mtoni.

"Lusia," akasema. "Ungenyamaza kwa heshima, ningewazika wawili, kama na mimi ningefika. Maji yakiingia, sema. Hata kwa jina."

Ndani mkeka ukachakacha, mtu akiinuka. 

"Tata," sauti ikasema, kutoka gizani, "maji ya kunywa yamekwisha mtungini."

Asukile akauchukua mtungi, akaenda mtoni kuteka.