Siku Mama Alipotuchimbisha Mtaro

Mpaka leo nikisimulia habari hii watu hudhani ninatia chumvi. Ni kweli, mimi hutia chumvi. Nilizaliwa hivyo, na shule ya jioni niliyosoma Nyeri mjini ilinipa cheti lakini haikunitibu. Ila kwa habari ya mama yangu na ule mtaro sina haja ya kuongeza hata punje. Ilinishtua ikiwa bichi, na bado inanishtua.

Mama alikuwa mjane wa Endarasha, upande ule wa Kieni ambako baridi ya asubuhi inaweza kukung'oa masikio ukafika kazini bila kujua. Alitulea sisi watatu, wavulana wawili na msichana mmoja, kwa viazi, kabichi na kondoo wachache waliomtii kuliko sisi. Alivaa gamubuti, viatu virefu vyeusi vya mpira, na koti la marehemu baba. Mizigo aliibeba mgongoni kwa mkanda uliopita juu ya paji la uso, na mkanda ule ulikuwa umemchimbia kichwani bonde ambalo lingeweza kukinga maji ya mvua. Siku moja nikiwa mdogo nilishikwa na homa, akanibeba kwa mkanda ule ule hadi zahanati, mlima juu mlima chini. Tulipofika nesi aliuliza mgonjwa ni nani kati yetu.

Alipopata wajukuu ndipo nilipogundua kwamba sisi tulikuwa mazoezi tu. Sisi tulipewa viazi; wao walipewa viazi vilivyomenywa, vikapozwa, vikapondwa na maziwa. Nilipolalamika, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, aliniambia nikatafute shosho wangu, yaani nyanya wangu mwenyewe.

Kwetu jina la mtoto halitafutwi redioni. Mvulana wa kwanza huitwa jina la baba ya baba yake, wa pili jina la baba ya mama yake, na wasichana hufuata nyanya zao vivyo hivyo. Na mwenye kupewa jina huhesabiwa kuwa ni yule mtu mwenyewe amerudi. Kwa hiyo kaka yangu mkubwa alikuwa baba mkwe wa mama yetu. Mama alimwita hivyo hivyo, "baba mkwe," akamwekea nyama iliyonona na hakumkaripia mbele ya watu. Mimi wa pili nilikuwa baba yake mzazi. Kwa mtu aliyekuwa akiniita baba, alinichapa mara nyingi kupita kiasi.

Dada yetu aliolewa Naro Moru. Miaka ya tisini ilipoanza alirudi nyumbani na wasichana wawili wadogo na godoro moja. Ndoa ilikuwa imevunjika kwa sababu ambazo hakutaka kuzisema, na ambazo uso wake ulikuwa umeshazisema. Mama hakumuuliza kitu. Aliongeza maji kwenye sufuria, akawalaza watoto kwenye kitanda chake mwenyewe, mmoja kila upande. Yule mdogo, kwa kuwa ni binti wa pili, alikuwa na jina la mama.

Kaka yangu si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Baba alipokufa alibeba nyumba yote mabegani akiwa bado kijana, na viazi vyake vilikuwa vikiuzwa mpaka soko la mbali la Kenol. Lakini alikuwa mtu wa taratibu. Alisema dada anaweza kulala kwa mama muda wote mama akiwa hai. Anaweza kupanda maharagwe na viazi, mradi asipande mti wala kitu chochote cha kukaa mwaka hadi mwaka. Siku mama hatakuwapo itakuwaje? Hapo alinyamaza, na sote tulielewa kimya kile. Msichana ambaye mbuzi za mahari yake zimekwisha kupokelewa hakuwa na shamba kwa baba yake. Hakuna aliyeona ajabu. Ilikuwa hivyo kama vile mlima ulivyo pale.

Mama naye alinyamaza. Ningejua ndani ya kimya chake kuna nini, ningekimbia mpaka Kenol bila viatu.

Mvua za Aprili zilipokolea alituma habari kwamba maji yanashuka kutoka barabarani na kubeba udongo wote kuupeleka mtoni, kwa hiyo Jumamosi tuje na majembe tumchimbie mtaro wa kukata shamba kwa upana, kutoka ua wa jirani huyu hadi ua wa jirani yule. Ilikuwa kweli, maji yalikuwa yakishuka. Nikaomba ruhusa dukani Nyeri, nilikokuwa nikiuza misumari na mabati, nikaja. Kaka alikuja pia. Kando ya ghala tuliwakuta wazee wawili wa ukoo wetu wameketi vigodani na vibuyu vya uji. Nilidhani wamefuata uji, maana wazee wa huko wanaweza kuunusa uji wa mama kutoka kilima cha pili.

Kazi ilianza na ufundi wangu. Nilileta kamba na vigingi, nikawahutubia wote juu ya pembe mraba na mstari mnyoofu kama tulivyofundishwa jioni kwa mwanga wa taa inayotoa moshi. Kaka aliegemea jembe akanisikiliza kwa huruma.

"Hiyo cheti itakuua," alisema. "Chimba."

Mama ndiye aliyefurahia hesabu zangu. Alifuata kila kigingi, akainama, akafumba jicho moja kama askari mwenye bunduki. "Hapo imepinda kidogo, baba," aliniambia. "Inyooshe." Nikainyoosha. Nilijisemea moyoni kwamba mama yangu angesoma angekuwa mhandisi wa kujenga madaraja. Tulichimba tukitaniana mpaka jua likaelekea milima ya Nyandarua, na mtaro ukatokea umenyooka kiasi kwamba hata maji yangeona haya kupinda.

Tulikuwa tunanawa mikono wakati mama alipotoka ghalani na karai limejaa vitunguu vya matoka, dada nyuma yake na wasichana nyuma ya dada. Akapiga magoti kwenye ukingo wa mtaro, akaanza kuvifukia, kimoja baada ya kingine, kufuata mstari wangu.

Itoka, na yakiwa mengi matoka, ni ua lenye majani marefu kama panga, na huku kwetu halipandwi kwa urembo. Ni mpaka. Likishapandwa mbele ya wazee, kilichoko upande huu ni cha huyu na cha upande ule ni cha yule, na hakuna anayeling'oa. Mwizi ataiba ng'ombe, ataiba mlango wa kanisa, lakini itoka ataipita mbali, maana anayeing'oa hulaaniwa yeye na kizazi chake. Wale wazee wawili walisimama, wakavua kofia. Mmoja akasema ameona. Wa pili akasema naye ameona. Jembe langu lilianguka, na naapa lilianguka lenyewe. Tulikuwa tumemchimbia dada yetu mpaka wa shamba lake kwa mikono yetu, tena mimi nimempigia mstari bure.

Dada mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Hakuwa akijua kitu, ilionekana wazi.

"Mama, hiyo ni itoka," kaka alisema.

"Ndiyo."

"Unapandia nini?"

"Chini ya mtaro mpaka mtoni ni ya dada yenu na hawa watoto. Juu mpaka barabarani ni yenu nyinyi wawili. Wazee wameona."

Kaka alisema mengi, na kwa taratibu tulizozijua alikuwa na haki ya kuyasema. Alisema hajawahi kusikia jambo kama hilo Kieni nzima. Alisema mbuzi za mahari zilikuja, na kwao dada ni kule zilikotoka. Mama hakuacha kufukia.

"Mbuzi tulikula zikaisha," alisema. "Sasa hawa watoto nikawalaze ndani ya tumbo ya nani?"

Mzee mmoja alikohoa ili asicheke. Kaka akasema binti yake wa kwanza naye ana jina la mama, na hajapimiwa hata kona.

"Huyo ako na jina langu na ako na kwao," mama alisema. "Huyu ako na jina langu na hana kwao. Mkimtoa hapa, mmenitoa mimi."

Ndipo kaka alipoinua jembe juu ya itoka ya kwanza. Naamini hata kondoo waliacha kutafuna. Mama alisimama taratibu, udongo magotini, akamtazama.

"Mtoto wangu," alisema.

Maisha yangu yote sikuwa nimemsikia akimwita kaka hivyo. Alikuwa baba mkwe tangu siku ya kuzaliwa. Nilihisi kama nimeona mtu akivuliwa nguo mbele ya wageni.

"Mtoto wangu, kama unang'oa, ng'oa nikiona."

Kaka alishusha jembe, akalitia begani, akaondoka. Kulikuwa na sufuria ya nyama ya kondoo motoni na aliondoka bila kuionja. Kukataa chakula cha mama yako mbele ya wazee ni jambo zito kuliko matusi. Dada alilia, akasema aachwe tu, atatafuta chumba cha kupanga mjini, afadhali yeye ahame kuliko nyumba kuvunjika. Mama alimwambia awapakulie wazee.

Nililala huko. Asubuhi ya Jumapili mama hakwenda kanisani, na hilo peke yake lingetosha kunilaza hospitalini. Alichukua kigoda akaketi kando ya mtaro, koti la baba limefungwa mpaka shingoni. Kabla umande haujakauka tukamwona kaka akishuka kutoka barabarani na jembe lake. Mjukuu mdogo alimkimbilia mama akajificha nyuma yake.

Kaka alitembea kando ya matoka kutoka ua hadi ua. Moyo wangu ulikuwa ukipiga hadi nikadhani majirani wanatwanga mahindi. Kisha akanigeukia mimi, si mama.

"Wewe mwenye cheti," alisema. "Hawa watapitia wapi?"

Nikatazama. Nikatazama tena. Mstari wangu ulikuwa umekata shamba kutoka jirani hadi jirani, na barabara iko juu. Tulikuwa tumemfungia dada huko chini na mto mgongoni kama mbuzi zizini. Mama naye alifumba lile jicho moja, akaufuata mstari mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mtoto wa shule hawezi kupita kwa viazi ya watu kila siku," kaka alinung'unika, kama analigombeza jembe. "Siku moja watagombana."

Akaenda kwenye ukingo wa shamba, upande wake, mahali ambapo viazi vyake mwenyewe vilikuwa vimeanza kutoa maua, akaanza kuving'oa. Aling'oa tuta baada ya tuta kwenda juu kuelekea barabarani. Sikuamini macho yangu. Huyu ni mtu aliyekuwa akimfukuza kunguru kwa kosa la kukanyaga kiazi kimoja.

"Upana wa mkokoteni," mama alisema kutoka kigodani.

"Nimesikia."

Hakuna aliyeomba msamaha na hakuna aliyeshukuru. Nilichukua jembe langu nikamsaidia. Dada alikuja na ungo kuokota viazi, vidogo kama gololi. Kaka alimwambia asivitupe, vitachemshwa na maganda yake. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu jana.

Jua lilipokuwa kichwani niligundua kigoda kiko kitupu. Niliingia nyumbani nikamkuta mama kitandani, kalala chali na gamubuti zake miguuni, mjukuu mwenye jina lake kalala kwapani. Hakuwa akitikisika. Sikuwa nimewahi kumwona mama yangu amelala mchana, hata siku moja, hata akiugua. Nikajua amekufa. Nilipiga ukelele ambao nadhani ulifika Naro Moru.

Alifungua jicho moja.

"Kelele ya nini, baba? Nimelala tu."

Akalifumba tena. Nilitoka nje, nikapanda mpaka pale kaka alipokuwa akichimba, nikamwambia mama amelala.

"Mchana?"

"Mchana."

Alisimama akiutazama mlango wa nyumba kwa muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa mlima umehama. Kisha akaendelea kuchimba, lakini polepole, akilishusha jembe kwa upole ili lisigonge mawe.